Wote wamesema iko poa: tovuti ya kutafutia migahawa na baa tuijaribuje?

Swali: Shikamoo dada. Mimi na mwenzangu tunatengeneza tovuti ya kumsaidia mtu kutafuta mgahawa au baa hapa Arusha. Bado ni prototaipu, yaani mfano wa kujaribia; tumeichora kwenye Figma, programu ya kuchorea skrini, haijaandikwa. Tumewaonyesha wenzetu chuoni wakajaza fomu, na karibu wote wamesema iko poa na wataitumia. Sasa mtu anayetaka kutuwezesha kifedha ametuuliza tunajuaje kwamba inatumika kirahisi, tukakosa jibu. Tuna wiki mbili na laki mbili. Tutafute watu wangapi na tuwaulize nini? Au tusubiri tovuti ikamilike kwanza? Na tufanye kwa Kiswahili au Kiingereza? (Msomaji, Njiro)

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kazi. Nianze na hilo la kusubiri kwa sababu ndilo lenye haraka: msisubiri. Sasa hivi kuhamisha kitufe, au hata kufuta skrini nzima, ni kazi ya jioni moja. Tovuti ikishaandikwa, ikawa na hifadhidata na wenye baa waliolipia kutokea juu kwenye orodha, kila badiliko litahitaji kikao na pesa.

Zile fomu ziwekeni kando. Wenzenu hawakuwadanganya. Mliwauliza wanaionaje, wakawajibu kama mtu aliyelelewa vizuri anavyomjibu rafiki aliyemwonyesha kazi ya mikono yake. Mlipowauliza kama wataitumia, mliwataka watabiri, na hakuna anayejua Jumamosi ya mwezi ujao atakuwa na njaa ya nini. Huyo anayetaka kuwawezesha ameuliza jambo jingine kabisa: mtu mwenye simu mkononi, asiyewajua ninyi, anafika anakotaka kwenda? Hilo halipatikani kwa kumwuliza. Linapatikana kwa kumkalia jirani na kumtazama akifanya, huku umefunga mdomo.

Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2018, ambacho kinauangalia urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: kama mtumiaji analifikia lengo lake, kwa juhudi kiasi gani, na anaridhika kiasi gani, katika mazingira yale yale anamotumia kitu hicho. Shikeni neno lengo. Lengo la mtu anayefungua tovuti yenu ni kukaa mezani, aletewe alichokitamani, kwa pesa aliyonayo, pamoja na watu aliotoka nao. Kufungua ukurasa wa mgahawa ni hatua ya njiani tu. Kwa hiyo jaribio lenu liishie mlangoni pa mgahawa. Mkiishia kwenye skrini ya mwisho ya Figma mtakuwa mmepima kama watu wanajua kubonyeza, na hilo tayari wanalijua.

Sasa idadi. Huenda mmesikia kwamba watu watano wanatosha. Msingi wake ni hesabu waliyoitoa watafiti wa urahisi wa matumizi, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, mwaka 1993: ikiwa kila mshiriki kwa wastani anafichua asilimia 31 ya matatizo, basi watano kwa pamoja wanafichua kama asilimia 85. Nielsen aliirudia katika makala ya mwaka 2000 na namba tano ikaenea dunia nzima. Kilichosahauliwa ni sehemu ya pili ya ushauri wake: ukiwa na uwezo wa kupata watu 15, usiwamalize siku moja, wagawe raundi tatu za watano watano na urekebishe kila baada ya raundi. Tena mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walijaribu tovuti za mauzo, wakakuta watano wa kwanza wamefichua asilimia 35 tu. Pale kila mshiriki alikuwa akitafuta bidhaa aliyoitaka mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja alipita njia yake na kujikwaa mahali pake. Tovuti yenu inafanana sana na hizo. Mmoja anatafuta supu ya asubuhi, mwingine baa yenye bendi, wa tatu sehemu yenye bembea za watoto.

Kwa hali yenu ningefanya raundi tatu ndani ya hizo wiki mbili, kila raundi watu wanane, na ningewaita wawili wawili. Hao ni watu 24. Mkimpa kila mmoja elfu saba ya nauli na soda ni 168,000, na elfu 32 inayobaki itatosha karatasi, kalamu na vocha ya kupigia simu.

Wawili wawili nina sababu nayo. Njia ya kawaida ya majaribio haya ni kumwomba mtu mmoja aseme kwa sauti anachokiwaza anapotumia kitu; Clayton Lewis wa IBM aliieleza mwaka 1982 na bado inafundishwa kila mahali. Lakini kumkalisha mtu mzima mbele ya mgeni na kumwambia aongee peke yake ni kumtwisha jambo asilolizoea. Wengi hunyamaza, na wachache wanaosema husifia. Wakiwa wawili wanaojuana, maneno yanatoka yenyewe, kwa sababu wanashauriana. Mwaka 1986 Naomi Miyake alichapisha utafiti ambao aliwaweka watu wawili wawili wakijaribu kuelewa cherehani inavyofunga uzi, na mazungumzo yao yakamwonyesha hatua kwa hatua walichokuwa wanakielewa na walichokuwa hawakielewi. Kwenu kuna faida ya ziada: mtu wa huku mara chache huchagua pa kula peke yake. Huchagua na mwenzake, na mara nyingi mmoja ana pesa na mwingine ana maoni.

Niwape mfano. Mchana mmoja Moshi, si mbali na Double Road, nilikaa na mama mmoja na mdogo wake wakijaribu tovuti ya aina kama yenu. Walishakubaliana mahali, picha zimewapendeza, bei wameikubali. Chini ya picha paliandikwa saa za kazi: 10 – 22. Mama akasimamisha kidole pale. "Saa kumi? Mchana hawauzi?" Mdogo wake akasema, "Hiyo ni saa nne, dada." "Mbona wameandika kumi?" Wakatazamana, wakarudi nyuma, wakachagua mahali pengine. Hawakulalamika hata kidogo, na mwisho nilipowauliza wakasema tovuti ni nzuri. Angekuwa mama peke yake, ningeona kidole kimesimama na nisingejua kwa nini. Saa ya simu anaisoma bila shida, lakini tarakimu iliyoandikwa katikati ya maneno ya Kiswahili ilimfanya aisome kwa Kiswahili. Kwenye tovuti yenu jaribuni kuandika "Pamefunguliwa, hadi saa 4 usiku", kisha tazameni kama kidole bado kinasimama.

Washiriki wasiwe wanachuo wenzenu. Ninyi nyote mna umri mmoja, simu za aina moja na mifuko inayolingana. Tafuteni dada wa saluni ya Kaloleni na rafiki yake, mwalimu wa Ngaramtoni anayekula mjini siku ya mshahara tu, wafanyakazi wawili wa ofisi za karibu na Mnara wa Saa ambao kila siku wanapigania chakula cha mchana, mume na mke wenye watoto, dereva wa watalii ambaye wageni wake humwuliza wapi pa kwenda jioni. Hakikisheni wamo Waislamu, maana suala la jiko linalopika kitimoto halitajitokeza lenyewe kwenye meza ya watu wanaokila. Hakikisheni pia wamo wanawake wanaotoka usiku bila gari. Wao hutazama vitu ambavyo wachoraji wengi hawavifikirii, kama taa za nje na urahisi wa kupata usafiri wa kurudi. Kwa kuwa baa zimo, chukueni wenye miaka 18 na kuendelea. Na wafikieni kabla hawajaanza kunywa, kwa sababu aliyekwisha kunywa hawezi kutoa ridhaa ya kurekodiwa.

Watalii nao ni watumiaji halali wa tovuti kama hii. Arusha wako wa safari za mbugani, Moshi wako waliotoka mlimani na miguu inauma. Lakini hao wawekeeni jaribio lao, baadaye, kwa Kiingereza na kwa kazi zao wenyewe. Mkiwachanganya na wenyeji katika raundi moja, mtarekebisha kitu kwa ajili ya mgeni na kukiharibu kwa mwenyeji bila kujua nani alikwazwa na nini. Kwa raundi hizi tatu endesheni kwa Kiswahili kile kile mnachozungumza, na kama mshiriki anachanganya lugha, mwacheni achanganye.

Kabla ya kumwita mtu yeyote kuna kazi moja ya kuchosha isiyokwepeka. Prototaipu nyingi za aina hii zimejaa "Mgahawa A", "Mgahawa B" na picha za pizza zilizookotwa mtandaoni. Kwa tovuti ya benki pengine hiyo ingepita. Kwa tovuti ya kutafutia pa kula haipiti, kwa sababu mtu anachagua kwa kutazama vitu halisi: jina alilowahi kulisikia, sahani inayofanana na ile anayoijua, mtaa anaoweza kuufikia. Mkimpa majina ya kubuni atabonyeza lolote ili kuwaridhisha. Chukueni eneo moja mnalolijua, Njiro inatosha, ingizeni sehemu kama thelathini za kweli pamoja na bei zake za leo, picha mlizopiga wenyewe kwa ruhusa ya wenyewe, na namba za simu mlizozipiga zikapokelewa.

Sasa kazi za kuwapa. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika kabla hayajaanza. Kazi mbaya ni kama hii: "Tumia kichujio cha bei upate mgahawa wa bei nafuu." Umeshamtajia kitufe, umeshamtajia jibu, kilichobaki ni kukitafuta kwa macho. Kazi nzuri inampa mtu hali na kunyamaza. Mpeni njaa, mwenzake, kiasi cha pesa na saa. Kwa mfano:

"Ni saa nane mchana, mko jirani na Mnara wa Saa. Mna elfu kumi na mbili kwa wote wawili, na saa tisa kasoro mnatakiwa kuwa mmerudi kazini. Mnakula wapi?"

"Ni Jumamosi jioni. Mmepata wageni wawili kutoka Dodoma. Mmoja anataka nyama choma, mwingine ni Mwislamu na hataki mahali panapouzwa kitimoto. Mko Sanawari na hamna gari."

"Simba na Yanga wanacheza saa kumi na moja jioni. Mnataka kuutazama mpira, lakini mna mtoto wa miaka sita."

Hakuna neno kichujio, hakuna neno ramani, hakuna neno kategoria. Mpeni mmoja wao aisome kwa sauti kutoka kwenye kadi, kisha mnyamaze. Kama mnaona bado watu wanakuwa na aibu, ongezeni chumvi kwenye hadithi. Apala Lahiri Chavan, mtaalamu wa India, alikutana na adabu hiyo hiyo: washiriki hawakutaka kuponda kazi ya mgeni. Akaacha kuwapa kazi kavu, akawasimulia kisa chenye dharura na msisimko kama wa filamu, na kukamilisha kazi kwenye tovuti kukawa sehemu ya kuokoa mambo ndani ya kisa. Walipokwama ndani ya kisa waliongea wazi. Sisi nasi tunapenda hadithi. Mwambieni mtu kwamba bosi wake mpya amefika ghafla na ndiye ameachiwa kuchagua pa kula, mtaona anavyoichokonoa tovuti yenu.

Pesa itajeni kwa shilingi. Alama moja ya dola kwa bei rahisi na tatu kwa ghali humlazimisha mtu kukisia. Mtu mwenye elfu sita anataka kujua sahani ya wali na kuku ni shilingi ngapi, na bia ni shilingi ngapi. Nimeona watu wakipita juu ya alama hizo kana kwamba hazipo na kushuka hadi kwenye picha ya menyu, wakaikuza kwa vidole viwili hadi tarakimu zikapasuka.

Kisanduku cha kutafutia kitawasumbua, kwa sababu kwenye prototaipu kama yenu mtu hawezi kuandika neno lake na kupata matokeo yake. Msikifiche. Chapisheni skrini hiyo kwenye karatasi, mpeni mshiriki kalamu, mwambieni aandike vile vile ambavyo angeandika kwenye simu. Mwenzako akae pembeni na karatasi za matokeo, aweke ile inayokaribia. Washiriki huzoea mchezo huo upesi sana. Na zile karatasi zitunzeni zote, hata zenye makosa ya herufi. Mtagundua watu hawaandiki "mgahawa". Wanaandika chakula na mtaa: "mtori moshi", "kuku choma njiro", "supu ya mbuzi asubuhi". Wengine wanaandika hali: "sehemu imetulia". Kama tovuti yenu inatafuta kwa jina la mgahawa tu, mtu aliyetamani mtori atarudishiwa ukurasa mtupu na ataamini Moshi nzima haina mtori.

Pamoja na hilo, andikeni majina ya sehemu zenu kwenye vikadi na mwombe kila jozi izipange mafungu na kuyapa majina: mama lishe, grosari, baa, pub, mgahawa, hoteli, nyama choma, chipsi. Dakika kumi zinatosha. Mafungu yao yakitofautiana na menyu yenu, badilisheni menyu.

Wakati wa jaribio, asiyechora ndiye aongoze. Aliyechora akae nyuma aandike, na kama uso wake hauwezi kuficha maumivu, akae mbali zaidi. Mwanzoni semeni wazi kwamba kinachopimwa ni tovuti, wao hawapimwi, na wakikwama wametusaidia. Baada ya hapo maneno yenu yawe machache. Wakinyamaza muda mrefu: "Mnafikiria nini hapo?" Wakiuliza "Nibonyeze hapa?", jibuni: "Mngekuwa wenyewe mngefanyaje?" Kisha subirini. Kimya hicho kitawachoma, na mikono yenu itataka kunyoosha kidole kwenye skrini, ishikeni. Sekunde ishirini za mtu kuhangaika zina habari nyingi kuliko fomu zote mlizojaziwa.

Andikeni mlichokiona na mlichokisikia, bila tafsiri. "Amepandisha na kushusha orodha mara tatu, akasema: hapa hawajasema kama kuna pakuegesha." Hiyo ni kumbukumbu. "Hajaelewa orodha" ni maoni yenu, na kesho hamtakumbuka yalitokana na nini.

Fanyieni nje, kwenye simu zao kadiri inavyowezekana. Mkitumia kompyuta yenu ndani ya chumba chenye kiyoyozi mtaona tovuti ambayo hakuna mtu atakayeiona. Herufi za kijivu juu ya nyeupe, zinazopendeza sana kwenye skrini ya mchoraji, jua la saa saba pale Kilombero linazifuta kabisa. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1 na kinachoyazunguka. Pimeni, vifaa vya kupimia ni vya bure. Kasi ya kufunguka tu ndiyo msiipime kwa Figma. Hiyo subirini hadi mwe na kurasa zilizoandikwa na picha zilizopunguzwa uzito, kisha mjaribu kwa kifurushi cha mshiriki mwenyewe.

Sasa nirudi mlangoni, ambako nimesema jaribio liishie. Jozi ikishasema "tumechagua hapa", msiwashukuru bado. Tembeeni nao hadi kijiwe cha bodaboda kilicho karibu. Mwombeni dereva ruhusa, mpeni kitu kidogo kwa muda wake. Kisha mwambieni mshiriki: "Mweleze dereva mnakokwenda, kwa kutumia kilichoandikwa kwenye skrini tu." Safari haipo, ni maelezo tu.

Mara ya kwanza mtakapofanya hivi mtaelewa kwa nini nimesisitiza. Mshiriki atasoma: "Kiwanja namba 214, Kitalu D, Njiro." Dereva atamtazama. "Njiro ipi? Ya huku Nanenane au kule Kontena?" Mshiriki atashuka chini ya ukurasa, ataifungua ramani, atamgeuzia dereva simu. Dereva ataitazama ramani kwa heshima, kisha atauliza swali ambalo tovuti ilitakiwa iwe imelijibu: "Jirani na nini?" Pale pale mnajua. Nchi yetu ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, kuelekea sensa ya mwaka ule, na namba zipo milangoni na majina ya mitaa yapo kwenye nguzo. Hata hivyo ukisikiliza watu wakielekezana mjini bado wanasema mkabala na sheli fulani, nyuma ya shule, ukishuka stendi ulizia kwa fulani. Kila sehemu kwenye tovuti yenu inahitaji mstari mmoja wa namna hiyo, karibu na jina, kabla ya ramani. Na mstari huo msiutunge ninyi mezani. Chukueni maneno ya dereva mwenyewe anapopaelewa mahali na kusema, "Aa, si pale…" Kinachofuata baada ya "si pale" ndicho cha kuandika.

Jaribio hilo hilo lina nusu ya pili: piga simu. Wengi hawatoki nyumbani kabla hawajauliza kama chakula kipo, kama meza ipo, kama leo kuna bendi. Tazameni kama namba inaonekana bila kutafutwa, na kama ikibonyezwa inapiga au inanakiliwa tu. Kisha sikilizeni mshiriki anauliza nini mgahawani. Swali linalorudiwa na jozi mbili au tatu ni taarifa inayokosekana kwenye ukurasa wenu.

Rekebisheni kati ya raundi, na kwa jambo lililo wazi msingoje hata raundi iishe. Timu moja ya Microsoft ilieleza mwaka 2002 jinsi ilivyokuwa ikibadilisha sehemu ya mafunzo ya mchezo wa kompyuta wa Age of Empires II mara tatizo lilipoonekana na suluhisho lake kujulikana, hata baada ya mshiriki mmoja tu, kisha kumpa mshiriki aliyefuata toleo jipya ili waone kama suluhisho limeshika. Saa za kazi zilizoandikwa kwa namna ya kutatanisha ni tatizo la aina hiyo. Kupanga upya menyu nzima si la aina hiyo. Hilo lingojee jozi zote nne. Mkiwa na orodha ndefu ya matatizo, yapangeni kwa swali moja: hili linamzuia mtu asifike, linamchelewesha, au linamkera tu? Yanayozuia yaende kwanza, hata kama yanayokera ndiyo yaliyosemwa kwa sauti kubwa. Watu huongelea rangi kwa sababu rangi inaongeleka.

Kuna kundi la pili ambalo hamkuniuliza: wenye migahawa wenyewe. Bila wao bei na saa zitapitwa na wakati ndani ya mwezi. Hao wajaribuni peke yao, kwa kazi moja tu, "leo umepandisha bei ya ndizi nyama, ibadilishe", tena wakati hawana wateja.

Ridhaa msiifanyie mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sauti ya mtu, sura yake na mahali alipo ni taarifa zake. Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: mnarekodi nini, nani ataona, mtafuta lini, na kwamba anaweza kuacha katikati na nauli yake akaondoka nayo. Msomeeni, asaini. Rekodini skrini na sauti, uso hamuuhitaji. Mnapoandika matokeo, majina yasiwepo. Na dereva wa bodaboda naye ni mtu, asirekodiwe bila kukubali.

Mwisho, la huyo anayetaka kuwawezesha. Msimpelekee wastani wala alama za kuridhika. Kwa watu 24 waliojaribu matoleo matatu tofauti, wastani hauna maana. Mpelekeeni vipande vitatu vifupi vya rekodi ambavyo wahusika wamekubali vionyeshwe: kimoja mtu amekwama raundi ya kwanza, kingine mtu wa raundi ya tatu anapita pale pale bila kusita, na cha tatu dereva anasema "aa, napajua". Ambatanisheni ukurasa mmoja wa mliyoyabadilisha na sababu zake, na mwingine wa ambayo bado hamjayatatua, maana atayaona mwenyewe akianza kuitumia. Akitaka namba, mpeni namba kamili: raundi ya kwanza jozi 1 kati ya 4 ilimweleza dereva akaelewa, raundi ya tatu jozi 3 kati ya 4, au vyovyote itakavyokuwa kwenu. Andikeni hivyo hivyo, 3 kati ya 4. Msiandike asilimia 75.